Mstaafu, kabla hujanunua boti pacha, piga hesabu ya pensheni

MWALIMU mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Isevya mjini Tabora, alinipigia hodi Jumamosi moja asubuhi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Nilidhani ni barua ya mfuko wa pensheni, anataka nimsomee kwa sababu miwani yake imevunjika. Haikuwa barua. Ilikuwa picha ya boti nyeupe yenye bodi mbili zilizounganishwa kwa juu, imetia nanga kwenye maji ya buluu, na juu ya sitaha yake yuko mzungu mwenye mvi, amekaa kwenye kiti anakunywa chai.

Picha hiyo alitumiwa na kijana wake aliyeko Ulaya. "Ndugu yangu," akaniambia, "nimefundisha miaka 30, nimekula vumbi la chaki vya kutosha. Sasa nataka kuishi hivi. Ziwa Tanganyika tunalo, treni ipo, na kiinua mgongo kimeshaingia benki. Kuna tatizo gani?"

Nilitaka kucheka, lakini nilimtazama usoni nikaona mzee hafanyi mzaha. Nikamwita mke wangu alete chai.

Naandika habari hii katika kurasa za wakulima na wafanyabiashara kwa sababu moja. Kila mwaka wenzetu wanastaafu, wengine kwa hiari wakiwa na miaka 55 na wengine kwa lazima wakiwa na 60, na fedha wanayopewa kwa mkupuo ndiyo fedha nyingi kuliko zote watakazoshika maishani. Mmoja ananunua Hiace ya abiria, mwingine anafuga kuku 1,000 bila kujua kuku anaumwa nini, mwingine anajenga vyumba vya kupangisha mahali pasipo na mpangaji. Mwalimu wangu anataka boti ya kuishi. Vyombo ni tofauti, lakini swali ni lile lile, na kwa boti swali hilo linaonekana vizuri zaidi kwa kuwa boti ikikushinda inazama.

Msomaji anaweza kuuliza, Tabora na boti wapi na wapi? Sisi ni watu wa tumbaku, asali, karanga na mpunga, na maji mengi tuliyozoea kuyaona ni ya bwawa la Igombe. Lakini ukweli ni kwamba mji huu umeona vyombo vya majini vikipita nchi kavu kuliko miji mingi ya pwani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa Unyanyembe na kuishia Ujiji ilikuwa njia ya pembe za ndovu na, kwa aibu yetu sote, ya watumwa. Ilikuwa pia njia ya kuelekea ziwani, na kila aliyefika ziwani alikuta kwamba safari ya miguu imekwisha na tatizo la chombo limeanza.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji wakitokea hapa Tabora, wakati huo ikiitwa Kazeh. Walitaka jahazi. Wakaambiwa lipo moja, la Sheikh Hamed bin Sulayyim, ng'ambo ya magharibi kwenye kisiwa cha Kasenge. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kuliomba, akarudi mikono mitupu, na mwishowe wakaenda Uvira kwa mitumbwi ya kukodi huku wakilalamikia bei. Baadaye wamisionari wa London walileta boti ya chuma, Morning Star, ikiwa vipande vipande, kwa mabega ya wapagazi na mikokoteni ya kusukuma. Vipande vikapita Unyamwezi, na boti ikashushwa majini mwaka 1883. Wajerumani nao walipofikisha reli Kigoma mwaka 1914, walipitisha hapa stesheni ya Tabora maelfu ya makasha yenye meli nzima ndani yake. Ndiyo meli iliyozinduliwa mwaka 1915 kwa jina la Goetzen, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 ikiitwa Liemba.

Kwa hiyo Mwalimu si Mnyamwezi wa kwanza kuwa na mzigo wa boti kichwani. Tofauti ni kwamba wapagazi wale walikuwa wanalipwa, na yeye ndiye mlipaji.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Boti ya namna ile huitwa katamarani. Neno limetoka kwa Watamil wa India ya kusini, nalo maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Wazungu, hasa Wafaransa, wanazitengeneza za kuishi kabisa, zenye urefu wa mita 12 hivi, vyumba vya kulala ndani ya kila bodi, jiko na sebule katikati. Mpya moja bei yake inahesabika kwa mamia ya maelfu ya dola. Hiyo tuiache kwenye picha.

Lakini yeyote aliyewahi kusimama jioni kwenye mwalo wa Katonga au Kibirizi, kule Kigoma, ameshaiona katamarani, pengine bila kujua kwamba ina jina la heshima. Ni zile boti mbili za mbao zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, zikiachana katikati, zinazotoka na karabai au taa za betri kwenda kuvua dagaa na migebuka. Wavu unashushwa chini katikati ya bodi mbili, taa zinavuta samaki, kisha wavu unainuliwa. Uvuvi huo ulienea Ziwa Tanganyika tangu miaka ya 1950, na ndio umelisha watu wa Kigoma, Tabora, na mpaka ng'ambo Burundi na Kongo. Mimi naziita boti pacha.

Kwa nini mzee wa miaka 60 apende boti pacha kuliko mashua ya kawaida? Mwalimu alikuwa na majibu, na lazima nikiri yalikuwa mazuri. Mashua ya bodi moja inalala upande ikipigwa na upepo na inayumba hata ikiwa imetia nanga, lakini boti pacha inakaa kama meza. Mtu mwenye magoti mabovu anaweza kutembea juu yake na kikombe mkononi. Haihitaji kina kirefu, unaweza kuisogeza mpaka mchangani ukashuka bila kulowa kiuno. Na ina nafasi: ukitandika mbao juu ya ile miti unapata sitaha pana kama baraza.

Halafu akatoa hoja ambayo sikuitarajia. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na kweli, maji ya Tanganyika yalipopanda katika miaka ya hivi karibuni, mwambaoni yalizifuata nyumba na miundombinu ambayo watu walidhani iko salama. "Nyumba yangu mimi," akasema Mwalimu, "maji yakipanda nayo inapanda." Nilinyamaza. Huyu ndiye aliyetufundishia watoto hesabu, huwezi kumshinda kirahisi.

Hata hivyo nilimwambia, na narudia hapa, kwamba boti pacha ina tabia zake nne au tano ambazo picha haizionyeshi.

Kwanza ni uzito. Bodi za boti pacha ni nyembamba, na wembamba huo ndio unaoifanya iende vizuri. Lakini bodi nyembamba inazama upesi ukiipakia. Mvuvi anajua: anakwenda na wavu, taa na watu wake, anarudi na samaki, basi. Mstaafu anataka kitanda cha futi tano kwa sita, friji, kabati la vitabu, pipa la maji, magunia mawili ya mahindi na, nimemsikia kwa masikio yangu, mbuzi wawili wa maziwa. Ukifanya hivyo, ile sitaha iliyokuwa juu ya maji inashuka, na mawimbi yanaanza kuigonga kutoka chini, pa! pa! usiku kucha. Wenye ujuzi wa vyombo hivi wanasema jambo la kuangalia kabla ya vyumba na rangi ni nafasi iliyopo kati ya maji na tumbo la sitaha, baada ya kupakia mzigo wako wote. Fundi akikuonyesha boti tupu, mwombe apakie mawe.

Pili ni paa. Boti ya kuvua dagaa haina paa, haina ukuta, upepo unapita tu. Ukijenga kibanda juu yake umeweka tanga bila kukusudia. Kuanzia Mei mpaka Agosti hivi, upepo wa kusi unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, na ziwa lile lina urefu wa zaidi ya kilometa 600, kwa hiyo mawimbi yana mahali pa kukua kabla hayajakufikia. Boti pacha haipinduki kirahisi. Ila ikipinduka, imepinduka. Haina uzito chini wa kuirudisha kama mashua za matanga za wazungu zenye chuma kwenye mkuku. Kwa hiyo kibanda kiwe kifupi, cha turubai au mabanzi mepesi, na mtu alale akiwa ameketi kuliko kulala chini ya bati la geji 28.

Tatu ni nanga, na hapa ndipo watu wa bara tunapodanganyika. Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470 mahali penye kina kirefu kuliko pote. Sehemu nyingi za ukingo wa Kigoma ardhi inashuka kama ukuta. Kamba yako ya mita 50 haitagusa kitu ukienda mbali kidogo. Maana yake ni kwamba habari ya kuzunguka ziwa lote ukilala popote unapotaka ni ya kwenye picha. Utalala kwenye ghuba, karibu na mwalo, karibu na watu wengine, pamoja na kelele zao na moshi wao wa samaki. Unapaswa kuchagua majirani kabla ya kuchagua boti.

Nne, choo. Samahani kwa wanaokunywa chai, lakini hakuna anayeuliza. Ziwa lile watu wanakunywa, wanaoga, wanaosha vyombo. Kuna kichocho kwenye kingo zake, na kipindupindu si mgeni katika mwambao huo. Anayeishi juu ya maji lazima awe na choo cha ndoo chenye mfuniko, majivu, na mahali nchi kavu pa kumwaga. Mwalimu alipoisikia hii alikuna kichwa kwa muda mrefu kuliko alivyokuna kwa habari ya upepo.

Kuhusu injini nitasema kwa ufupi. Katamarani kubwa zina injini mbili, moja kila bodi. Usijaribu. Injini mbili ni mafuta mara mbili na fundi mara mbili. Moja ya kupachika nyuma, katikati, ya aina ambayo vipuri vyake vinauzwa Kigoma mjini, inatosha, na usiku ivue uifungie ndani, maana wizi wa injini ni kilio cha siku nyingi ziwani.

Sasa hesabu, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Nyote mnaijua habari ya kikokotoo. Kabla ya mifuko kuunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, mtumishi aliyekuwa katika mifuko kama PSPF au LAPF alilipwa nusu ya mafao yake kwa mkupuo. Tuchukue mfano wa mtu mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ametumikia miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ile ya zamani ya moja ya 540 na kizidisho cha 15.5, mkupuo wake ungekuwa shilingi milioni 62, na pensheni ya mwezi shilingi 333,000 na kitu. Tangu Julai 2022 kanuni ni moja ya 580 na kizidisho ni 12.5. Mkupuo ulianzia asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024/25 serikali ikaupandisha kuwa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakilipwa 50 zamani, na 35 kwa wale waliokuwa wakilipwa 25. Mtu wetu yule yule, kwa asilimia 40, anapata mkupuo wa shilingi milioni 37 na laki mbili, na pensheni ya mwezi shilingi 372,000.

Wengi waliangalia zile milioni 25 zilizopungua wakalia, na wana haki ya kulia. Lakini tazameni upande wa pili: kila mwezi ameongezewa karibu shilingi 39,000 mpaka siku atakayokufa. Sitaki kuingia katika ubishi kama ni haki au si haki, maana umejaa magazeti tangu mwaka 2018. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa amezoea kununua chombo kwa mkupuo sasa lazima ajifunze kukinunua kwa pensheni. Na ndiyo namna sahihi ya kununua boti hata kama kikokotoo kisingebadilishwa.

Kwa nini? Wanaoishi kwenye boti huko Ulaya na Marekani wana kanuni yao ya mdomo: kila mwaka tenga kama asilimia 10 ya bei ya chombo kwa ajili ya kukitunza. Kukalafati, rangi, kamba, injini, turubai, mbao iliyooza. Tuiweke kanuni hiyo juu ya mtu wetu. Akinunua boti ya milioni 25, matunzo ni milioni mbili na nusu kwa mwaka, yaani kama shilingi 208,000 kila mwezi. Katika 372,000 anabakiwa na 164,000 ya kula, dawa, vocha na wajukuu. Akinunua ya milioni 12, matunzo ni 100,000 kwa mwezi, anabakiwa na 272,000. Boti ya kwanza imemfanya kibarua wake. Ya pili ni mzigo mzito, lakini anaubeba na kucheka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mwalimu ulikuwa huu: usiulize "mkupuo wangu unanunua boti gani?" Uliza "pensheni yangu inatunza boti gani?" Halafu rudi nyuma mpaka kwenye bei. Mkulima asiye na pensheni naye afanye hivyo hivyo, ila badala ya pensheni aweke faida ya mwaka mbaya wa tumbaku. Nimesema mwaka mbaya. Ule mzuri kila mtu anaukumbuka bila kuambiwa.

Mwalimu alikuwa na jibu, kama kawaida yake. "Boti itajilipia," akasema. "Mchana nakaa mimi, usiku vijana wanavua dagaa." Hapa nilimpinga waziwazi. Boti ya kuvua inahitaji uwazi katikati ili wavu ushuke. Boti ya kuishi inahitaji sitaha hapo hapo katikati. Ukitaka vyote viwili utapata jiko linalonuka dagaa na wavu unaokwama kwenye mguu wa kitanda. Kisha uvuvi wenyewe una likizo zake. Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa boti zinalala mchangani. Na mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa uvuvi kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu kamili, ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Mimi naunga mkono kulipumzisha ziwa. Lakini mstaafu aliyepanga kulipia matunzo kwa dagaa, miezi hiyo mitatu analipa kwa nini?

Tukaishia kukubaliana kwamba chombo kiwe cha kukaa tu, na kiwe cha mbao, cha fundi wa Ujiji, wa namna ile ile ya wavuvi: bodi mbili zinazosimama zenyewe, zimefungwa kwa miti. Watu wanaidharau kwa kuwa si kipande kimoja kama ya kwenye picha. Mimi naona hapo ndipo ubora wake ulipo kwa mtu wa kipato chetu. Bodi moja ikivuja, unafungua kamba, unaivuta mchangani, unaikalafati, na nyingine inaendelea kuelea. Maji ya Tanganyika si ya chumvi, hakuna wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao za majahazi, na chuma hakiliwi upesi. Na siku mwenyewe akifariki, maana lazima tuliseme, mjane haachiwi dude ambalo mnunuzi wake yuko Ulaya. Anaachiwa bodi mbili ambazo mvuvi yeyote wa Kibirizi atazinunua asubuhi hiyo hiyo, hata moja moja.

Mbao zenyewe tunazo. Mninga wa Tabora, ukiwa umekaushwa vizuri, haujikunji wala kupasuka ovyo ukipata maji na jua, ndiyo maana maseremala wanaupenda. Lakini uwe na karatasi za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, za kuvuna na za kusafirisha, la sivyo boti yako itaishia kwenye kizuizi cha barabarani. Na boti ikishaundwa, isajiliwe na kukaguliwa na TASAC hata kama huibebi abiria mmoja. Jaketi za kuokolea maisha ziwe sawa na idadi ya watu pamoja na mbili za wageni. Mnyamwezi aliyekulia Sikonge au Urambo kuogelea si fani yake, tusidanganyane.

Nilipodhani tumemaliza, mke wa Mwalimu, ambaye alikuwa amekuja kumtafuta mumewe na kukaribishwa kitini muda mrefu bila kusema neno, akauliza swali moja: "Baba, na mimi nikiugua usiku?" Hospitali ya Kitete tunaifikia kwa bodaboda. Kutoka kwenye ghuba moja kusini mwa Ujiji mpaka hospitali ya Maweni, usiku, upepo ukiwa umechafuka, ni habari nyingine. Mwalimu akasema wataangalia. Mama akasema nyumba ya Isevya haiuzwi, wala haipangishwi yote. Chumba chake kibaki na kitanda chake. Kama kuna masharti ya busara zaidi ya hayo katika biashara yote ya vyombo vya majini, sijayasikia.

Mwalimu alipanda treni kwenda mwisho wa reli akiwa na begi moja. Nilimsihi asinunue kitu chochote kabla hajakaa pale wiki sita, na kabla hajalala angalau usiku kumi juu ya boti ya mtu mwingine, akilipia. Amepanga chumba Ujiji, anatoka na wavuvi jioni, anarudi nao alfajiri, na ninavyosikia vijana wanamwita Mwalimu na kumwachia kushika taa. Usiku wa kwanza alitapika. Wa pili pia.

Juzi alinipigia simu. Hakuitaja ile picha ya mzungu na chai. Aliomba nimuulizie bei ya mninga mkavu hapa Tabora, wenye vibali, wa kutosha bodi moja yenye urefu wa mita saba. Nikamuuliza, na bodi ya pili? Akasema hiyo ataiagiza baada ya upepo wa kusi kupita, akishaona ya kwanza inavuja kiasi gani.